Ukinyamaza Nitajua Meli Inakuja

2 Februari

Kalamu, mpwa wangu,

Hujambo huko kwa wakubwa? Huku tu wazima, ukiacha magoti ya mama yako ambayo yamegoma kupanda hata ngazi tatu. Nimemwambia atumie fimbo, akaniuliza nimemwona mzee gani. Bati ulilomtumia tumeshalipiga. Fundi alimaliza Jumamosi, mvua ikajaribu Jumapili, ikashindwa. Mama yako alikaa katikati ya kile chumba kilichokuwa na ndoo nne, akatazama juu saa nzima akicheka peke yake. Anakwambia Mungu akuzidishie. Na mimi nasema hongera kwa cheo, ingawa hukutuambia umekipata kwa kazi gani. Nilidhani huko mnapandishwa kwa kukaa sana.

Simu usijisumbue tena. Juzi ulipopiga nilisikia mm-mm-mm, nikajibu ndiyo kila mara, sijui nimekubali nini. Miaka ishirini na sita ya feni za tanuru imekula masikio. Na zile meseji zako za maneno matatu hazinishibishi. Andika barua, maana mimi ndiye niliyekushika mkono ukachora ukuta mzima wa jikoni kwa mkaa mpaka ukapata hilo jina.

Sasa la maana. Unamkumbuka Bibi, tanuru letu pale kiwandani. Ana miaka kumi na moja anawaka bila kuzimwa hata dakika moja, sikukuu kwa msiba. Tumboni ana tani mia na ishirini za kioo kilichoyeyuka, na humo ndimo zinamotoka chupa zote za dawa tunazotengeneza, na mishahara ya watu mia na arobaini. Tangu Desemba chakula chake kinapungua. Presha ya gesi inashuka, wiki hii kidogo, wiki ile kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Meneja akiuliza anajibiwa "meli". Meli gani? Gesi si inatoka kwenye bomba? Wewe ndiye unayeinunulia nchi gesi, hebu nieleze. Mimi moto naujua, ila unakotoka siujui.

Mjomba wako (aliyekununulia viatu vya kwanza vya shule, usisahau)


11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika leo, siku ya tisa. Nimefurahi kusikia habari za bati. Mwambie Mama apake ile dawa ya magoti asubuhi na jioni, siyo siku anazokumbuka tu. Mimi sijambo. Lifti ya jengo letu haifanyi kazi kwa sababu ya mgao wa umeme, kwa hiyo nami magoti yangu yanajifunza. Viatu vya shule sijavisahau, vilikuwa vikubwa namba mbili na ukasema nitavikuta mbele ya safari.

Kuhusu meli. Gesi tunayochoma haitoki chini ya ardhi yetu. Inachimbwa mbali, inapoozwa kwa baridi kali mpaka inakuwa maji, inapakiwa melini. Ikifika kwenye gati letu inapashwa moto, inarudi kuwa hewa, ndipo inaingia kwenye bomba lenu. Meli moja kubwa nchi inaimaliza kwa siku kumi hivi. Matangi ya gatini si makubwa. Meli ikichelewa, hatuna ghala la kukimbilia.

Kuna namna mbili za kununua. Ya kwanza ni mkataba mrefu, miaka kumi, kumi na mitano. Mfikirie yule muuza maziwa wa mtaani kwetu aliyekuwa analeta lita mbili kila asubuhi. Bei mmekubaliana, haipandi wala haishuki ovyo. Lakini unywe usinywe, unalipa. Namna ya pili ni soko la papo kwa papo. Huna muuza maziwa, ukiamka unaenda sokoni, unanunua kwa bei ya siku hiyo. Siku maziwa ni mengi unapata kwa nusu bei. Siku ni haba unapandishiwa mpaka unarudi na chombo kitupu.

Miaka miwili iliyopita soko lilikuwa limejaa gesi, bei imeanguka vibaya. Mkataba wetu mkubwa ulikuwa unaisha. Ikaamuliwa usiongezwe, tubaki na mkataba mmoja mdogo na meli nyingine tuzinunue papo kwa papo. Kwa mwaka mmoja na nusu nchi ilipata gesi rahisi kuliko wakati wowote. Kisha nchi tajiri zikaanza kugombania meli hizo hizo. Walioamua walikuwa na sababu zao, Mjomba. Hesabu wakati ule zilikuwa sahihi.

Mpwa wako,
Kalamu


25 Februari

Kalamu,

Salamu zimefika, na dawa ya magoti anapakwa kwa nguvu za dola. Binti wa jirani amejifungua mapacha, kelele zote za mtaa sasa ni zao, na mimi ndiye jirani pekee anayelala vizuri.

Nimekuelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Kwa hiyo tulikuwa na muuza maziwa mwaminifu, tukamfukuza kwa sababu wiki mbili maziwa yalikuwa rahisi sokoni? Jamani! Mama yako, ambaye hakumaliza darasa la nne, asingefanya hivyo. Angemkopesha hata kigoda akae. Huyo aliyeamua ningekutana naye ningemuuliza kitu kimoja tu, kama ana watoto nyumbani. Lakini sisemi mengi, wewe ni mtumishi na mdomo wako si wako.

Na sisi huku hatuna la kujivunia. Bibi alikuwa na vichomeo vya mafuta ya dizeli vya akiba, baba yake Meneja aliviweka zamani. Gesi ilipokuwa rahisi, wenye kiwanda wakasema vya nini hivi, vinakula nafasi. Vikauzwa chuma chakavu. Nilishika mwenyewe kamba ya kuvishusha.

Sasa sikiliza kwa makini. Tanuru la kioo halizimwi kama jiko. Likibidi kuzimwa, unatoboa chini, unamwaga kioo chote kikiwa bado uji, halafu unalipooza pole pole. Ukifanya hivyo Bibi anaweza kulala miezi sita, mwaka, kisha akawashwa tena. Tutakaa bila kazi, tutauza mbuzi, lakini Bibi yupo. Ila kumwaga kunataka siku nne za moto wa nguvu. Ukisubiri gesi ikatike ndipo umwage, umechelewa, kioo kinaganda humo humo tumboni, matofali yanapasuka, na hapo hakuna tanuru tena. Na wenye kiwanda hawajengi lingine. Wameshasema.

Meneja anataka tumwage mapema Aprili. Mimi sitaki kuwalaza watu njaa bure kama meli ipo. Najua umekula kiapo usitaje habari za meli, na sitakuomba ukivunje. Tufanye hivi. Kama meli ya Aprili ina tatizo lolote, niandikie barua. Yoyote. Andika shikamoo tu na habari za mvua. Nikiona bahasha yako nitaelewa, na tutamwaga siku hiyo hiyo. Kama mambo ni sawa, usiandike chochote. Ukinyamaza nitajua meli inakuja.

Hapo umevunja kiapo gani? Hakuna.

Mjomba


5 Machi

Mjomba, shikamoo, na shikamoo ya Mama pia.

Hongera kwa mapacha. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Mkurugenzi akaniangalia. Ndiye bosi wangu, mtu mpole, ana tabia ya kukunja kila karatasi mara nne kabla ya kuitupa. Siku hizi anakunja nyingi.

Kuhusu kiapo, usifikiri tunajifanya wakubwa. Sokoni muuzaji akikuona una njaa anapandisha bei hapo hapo. Wanaouza meli wana watu wa kusoma magazeti yetu, wanahesabu viwanda vilivyofungwa, wanapiga simu kwa madereva wa gatini. Wakijua matangi yetu yamebaki na siku ngapi, tumekwisha. Ndiyo maana tunaacha simu mlangoni.

Nimekubali mpango wako. Aprili ikiwa mbaya, utaona bahasha. Ikiwa nzuri, kimya. Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho kwa sasa, na tuombe iwe ya mwisho kwa muda mrefu.

Kuna swali umelizunguka na mimi nimeliona. Tuliache kwanza.

Kalamu


6 Aprili

Kalamu mwanangu,

Najua hutakiwi kujibu, lakini mimi hakuna aliyenikataza kuandika. Huku shwari. Mama yako kila siku ananiuliza mbona mtoto haandiki. Nikamwambia kutokuandika kwake ndiyo habari njema. Akaniangalia, akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Nikamwambia wewe dada umezeeka, maneno yako yote ni ya kutisha watu.

Leo asubuhi Meneja aliita mkutano kwenye ukumbi wa kupakia. Alisema presha imefika mahali pabaya na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuamua. Tukitoboa leo, gesi iliyobaki inatosha zile siku nne. Kesho haitoshi. Watu wakanigeukia mimi. Tangu fundi mkuu astaafu, wanasema mimi ndiye mume wa Bibi.

Kalamu, nilisimama. Kila siku tangu tarehe ishirini Machi nimekuwa nikienda kwenye sanduku la posta la kiwanda kabla ya chai. Nafungua, nakuta bili na matangazo, narudi natembea kama kijana. Kwa hiyo niliwaambia, tusimwage. Tusubiri, meli ipo. Meneja akauliza nimejuaje. Nikasema najua. Akafunga daftari lake, maana na yeye anajua nina mpwa wapi. Mama mmoja wa kitengo cha kukagua chupa, ana watoto watano, alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema asante Fundi. Hajawahi kunishika mkono.

Basi tumepunguza moto hadi kiwango cha kumweka Bibi macho tu, tunasubiri meli yako. Mwenyezi akulinde. Nilijua siku moja kile kiatu kikubwa kitakuenea.

Mjomba


27 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hamjambo nyote? Mama anaendeleaje na magoti? Mimi sijambo. Huku mvua zimeanza, nguo hazikauki. Wasalimie wote.

Kalamu

12 Aprili

Mjomba, hiyo hapo juu ndiyo bahasha tuliyokubaliana. Niliiandika tarehe ishirini na saba mwezi uliopita. Ilikaa kwenye mkoba wangu siku kumi na sita, imeshabandikwa stempu. Barua yako ya tarehe sita imefika leo asubuhi, nimeisomea kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, nikashindwa kupanda wala kushuka.

Mwaga, Mjomba. Kama kuna uwezekano wowote, mwaga sasa hivi.

Nitakueleza, kiapo basi. Meli ya Aprili ilikuwa ya ule mkataba wetu mdogo, tuliiona kama iko mfukoni. Tarehe ishirini na saba Machi muuzaji akaandika kwamba haleti. Mkataba unamruhusu kulipa faini. Faini ni ndogo, na huko kwingine wanampa mara tatu ya bei yetu. Amelipa faini, ameuza kwingine, amebaki na faida, na barua yake ilikuwa na heshima nyingi. Mimi ndiye niliyeifungua.

Jioni hiyo nikaandika ile ya mvua. Asubuhi nikaenda nayo kazini ili niiposti mchana. Mkurugenzi akatuita, akasema tunatangaza zabuni ya dharura, tunanunua meli papo kwa papo, na neno lisitoke nje. Nikafikiri, mkimwaga, watu mia na arobaini watarudi nyumbani, mji mzima utajua, gazeti litaandika, na wauzaji watajua tumeishiwa. Na zabuni inafunguliwa tarehe thelathini na moja tu. Nikasema ngoja. Tarehe thelathini na moja tukafungua sanduku la zabuni, halikuwa na bahasha hata moja. Mjomba, hakuna aliyeleta hata bei ya kututukana. Tukatangaza tena hadi tarehe nne. Nikasema ngoja. Ikaja moja, bei ambayo hazina ya nchi haiwezi. Waziri akaomba muda wa kufikiri, na alipomaliza kufikiri ile meli ilikuwa imeuzwa.

Kila asubuhi niliitoa bahasha, kila jioni nikairudisha. Kuna meli nyingine moja ilikuwa inazungumzwa, kila siku tukiambiwa ni kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wewe ndiye uliyenifundisha.

Jana Wizara imeamua gesi iliyobaki iende kwenye umeme na hospitali. Viwanda vyote vimekatwa. Labda umeshaliona hilo kwa macho yako.

Nijibu. Hata kwa matusi.

Kalamu


24 Aprili

Kalamu,

Mama yako hajambo. Mapacha wamepewa majina. Mvua zimefika huku pia na bati halivuji.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Sikuhitaji kuifungua. Niliiona tu pale kwenye sanduku, mwandiko wako, nikaelewa, siku saba baada ya kazi ya kuelewa kwisha.

Walitukata tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye kitundu cha kuangalia moto. Ndimi za moto zilifupika, zikawa za bluu, zikaingia ndani ya vichomeo. Halafu feni zikazimwa. Miaka ishirini na sita sijasikia kitu humo ndani, siku hiyo nilisikia watu wanavyovuta pumzi. Tulijaribu kutoboa. Tulijua haiwezekani na tukajaribu. Kioo kilitoka unene wa mkono, kikawa unene wa kidole, kikasimama kwenye tundu. Kijana wa zamu alikipiga kwa nyundo akilia, nikamwambia acha, utajikata.

Kwa siku tatu Bibi alikuwa mwekundu ndani, kisha kahawia, kisha giza. Matofali ya paa yalipasuka moja moja, kila moja na mlio wake. Hiyo milio niliisikia yote. Wenye kiwanda walikuja tarehe ishirini kwa gari, wakachungulia, wakaondoka bila kunywa maji. Watu wamelipwa siku zao hadi tarehe kumi na moja.

Waliniuliza. Yule mama wa watoto watano hakuuliza, ndiye ninayemwogopa. Wengine walisema, Fundi, mpwa wako yuko pale pale, hakukwambia? Nikawajibu hakujua. Wakubwa walimficha, naye ni karani tu. Wakakubali. Wamekuonea huruma, wanasema hata wewe umetendwa.

Kosa langu nalijua. Nilijenga mpango ambao uvivu wa posta, homa yako, au woga wako, vyote vingeonekana kama heri. Mtu mwenye akili angesema niandikie kama mambo ni mazuri. Nilitaka sana kusikia mazuri, nikayaweka mahali ambapo hayahitaji kusemwa. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini lile swali nililolizunguka silizunguki tena. Nani aliyesema tuache ule mkataba mkubwa?

Mjomba


2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara sita. Tafadhali isome peke yako.

Ni mimi.

Ilikuwa ripoti ya kurasa kumi na moja. Mkurugenzi aliniomba nilinganishe mkataba mrefu na soko la papo kwa papo. Nikachukua bei za miaka mitatu, nikachora mistari, nikaonyesha nchi inapoteza kiasi gani kila mwaka kwa kumng'ang'ania muuzaji mmoja. Mwishoni niliandika, "Kwa hali ilivyo, hakuna sababu ya kujifunga." Hiyo sentensi ni yangu, neno kwa neno. Waziri aliisoma kwenye hotuba yake. Nilipigiwa makofi chumba kizima, na mwaka jana, gesi ikiwa bado rahisi, nikapewa cheo na zawadi. Ile zawadi ndiyo bati la Mama.

Kwenye ukurasa wa tisa nilikuwa nimeandika aya moja kuhusu itakuwaje soko likigeuka. Mkurugenzi alisema inachanganya wasomaji. Niliifuta mwenyewe. Sikubishana hata kidogo, nilikuwa na haraka ya kumaliza.

Na kuna jingine. Wiki iliyopita tumesaini mkataba mpya, miaka kumi na mitano, karibu meli zote za nchi. Tumesaini tukiwa na njaa, kwa hiyo bei ni ya mwenye njaa. Unywe usinywe. Tangu tusaini, bei ya sokoni imeanza kushuka. Inashuka kila wiki. Mkurugenzi anakunja karatasi. Rasimu ya mkataba huo pia niliandika mimi, kwa sababu eti sasa nina uzoefu.

Meli ya kwanza ya mkataba huo inakuja Septemba. Nimeomba likizo mwezi huo. Nataka kuja nyumbani, nisimame mbele ya watu wa kiwanda, niwaambie mwenyewe. Sitaki wanionee huruma. Niambie nije lini.

Kalamu


19 Septemba

Kalamu mwanangu,

Pole na kazi. Samahani kwa kuchelewa, si hasira. Hasira ilikuwepo Juni na Julai, ikachoka. Mama yako anatembea na fimbo sasa, anasema ni ya kufukuzia kuku. Kuku hatuna. Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikaitia moto jikoni. Yeye bado akilala anatazama bati, anakuombea kwa jina. Sitamwondolea hilo. Nyumba ile haina kitu kingine kipya.

Gesi imerudi. Juzi niliangalia mita pale ukutani, mshale umesimama juu kabisa, sijauona hapo tangu ujana wangu. Presha nzuri, inapita mbele ya lango letu na kwenda zake. Nimeajiriwa kibarua na mnunuzi wa chuma chakavu kumvunja Bibi. Ninajua kila tofali lake, kwa hiyo navunja haraka kuliko wengine. Kioo cha tumboni tunakikata kwa mashine vipande vikubwa vya kijani. Hakuna anayevitaka, vinarundikwa nyuma ya ukumbi wa kupakia. Jumanne tulifika kwenye lile tundu la kumwagia. Kioo bado kimesimama humo, unene wa kidole. Nilikaa chini kidogo, vijana wakanisubiri.

Umeuliza uje lini. Nimefikiri sana. Kalamu, usije.

Kila asubuhi nikienda kuvunja, nakutana nao njiani. Yule mama wa watoto watano anauza maandazi nje ya lango. Ananiamkia, ananipa moja kwa moyo mmoja, ananiuliza, "Mpwa wetu hajambo?" Wananisalimu kwa sababu niliwaambia hukujua. Ukija watakuuliza. Nimekulea, nakujua. Kunyamaza unaweza, uongo huwezi. Utasema, na baada ya hapo wewe utapanda gari urudi kazini kwako, mimi nitabaki hapa na dada yangu na hilo bati. Nakupenda na nakukatalia. Labda miaka kumi na mitano ikiisha na wao wakawa wamesahau, ila sioni kama mimi nitakuwepo kukwambia njoo.

Basi andika. Andika habari za mvua, za lifti, za huyo bwana na karatasi zake, chochote. Kila siku kabla ya chai bado miguu inanipeleka kwenye sanduku la posta la kiwanda, ingawa kiwanda hakipo. Nikilikuta tupu, moyo wangu mjinga bado unafurahi.

Mjomba wako